Bustani ya Nyumbani katika Nchi ya Chumvi

Sisi watu wa Ivuna twajulikana kwa chumvi yetu tangu kale kuliko tunavyojulikana kwa mboga zetu, wala si ajabu. Chemchemi za chumvi zi hapa hapa kwetu, kusini ya Ziwa Rukwa, na wataalamu waliokuja kuchimba katika miaka ya 1960 walikuta masalio ya watu waliokuwa wakichuja udongo na kuchemsha chumvi tangu karne ya 13 hivi. Chumvi hiyo ilikuwa mali. Watu waliifuata kutoka mbali, wakaibadilisha kwa vitu vingine, wakarudi makwao wameridhika.

Lakini kitu kilicho mali chunguni chaweza kuwa adui bustanini. Jambo hili mtu apendaye kulima mboga nyuma ya nyumba yake hulijua mapema, tena kwa uchungu. Atapanda maharage, nayo yataota vizuri, yatatoa majani mawili, hata manne. Kisha kingo za majani zitageuka rangi ya kahawia kama zilizobabuliwa na moto, na mche utakaa vile vile ulivyo, haukui wala haufi, mpaka mwenye bustani achoke kuutazama. Jirani atamwambia kwamba amerogwa. La, hakurogwa. Amepanda maharage mahali pa chumvi.

Yafaa tujue sababu yake. Ziwa Rukwa halina mlango wa kutokea maji. Mto Songwe na mto Momba na mito mingine huleta maji kutoka nyanda za juu, nayo maji hayo huchukua chumvi kidogo kidogo ya mawe na udongo wa huko. Yakifika bondeni hayana njia ya kwenda baharini, ila hupandishwa juu na jua. Jua laweza kuyapandisha maji, lakini haliwezi kuipandisha chumvi, basi chumvi hubaki. Mambo hayo hayo hutokea katika kiwanja kidogo cha nyuma ya jiko. Maji yaliyo chini ya ardhi hupanda taratibu kwa vitundu vidogo vya udongo, kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Yakifika juu hukauka, nawe asubuhi waona weupe mwembamba juu ya ardhi. Hapo mmea waweza kuwa na maji miguuni pake na bado ukaona kiu, kwa maana udongo wenye chumvi huyashika maji usiyaachilie kwa mizizi.

Si kila kiwanja kilicho hivyo. Pengine hatua 50 tu zatenga mahali pema na mahali pabaya. Mwenye macho hutazama magugu kabla ya kutia jembe: mahali palipo patupu katikati ya majani mabichi, hapo asipande kitu anachokipenda sana.

Tena mimea haifanani kwa uvumilivu. Maharage, karoti na vitunguu ni wepesi sana wa kushindwa na chumvi. Nyanya huvumilia zaidi kidogo. Kunde ni hodari kuliko maharage, na spinachi ile yenye majani mapana ni hodari kuliko zote hizi. Mchicha nao si mwoga. Kwa hiyo mama wa nyumba aliyeacha maharage akapanda kunde hakupungukiwa na kitu, kwa kuwa amepata mboga ya majani kwanza na punje baadaye. Watu wengine hudharau kunde kuwa chakula cha wazee. Mimi sioni sababu ya dharau hiyo.

Hapa yafaa niseme neno juu ya mashauri yatokayo mbali. Mtu wa Rungwe, kwenye mvua nyingi na mashamba ya chai, atakuambia utie majivu katika bustani, nawe utaona mboga zitakavyostawi. Asema kweli kwa nchi yake, kwa sababu udongo wa huko ni wa uchachu, na majivu huupunguza uchachu huo. Lakini majivu yenyewe yana chumvichumvi ndani yake. Ukiyamwaga juu ya tuta lenye chumvi, umeongeza adui juu ya adui. Ndivyo ilivyo hata kwa samadi mbichi. Samadi ya mbuzi iliyooza miezi kadhaa chini ya majani makavu ni rafiki mkubwa, maana huufanya udongo uwe na matundu, maji yakashuka na kuichukua chumvi chini. Samadi iliyotoka zizini leo huchoma miche.

Sasa tuzitazame nyakati za mwaka, maana furaha ya bustani na karaha zake huja kwa zamu.

Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Hakuna mlimaji asiyeijua harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza baada ya miezi saba ya vumbi. Siku hiyo kila mtu hushika jembe, hata yule ambaye jembe lake lilikuwa limelala tangu Machi. Kumbe mvua ya kwanza haikuja kwa ajili ya mbegu tu. Imekuja pia kuiosha chumvi. Aliyechimba mfereji mdogo pembeni mwa bustani kabla ya mvua ataona maji yakipita katika udongo na kuondoka pamoja na chumvi. Asiyechimba, maji yake yatatuama, yatakauka pale pale, na chumvi itabaki ilipokuwa. Ni heri kungoja mvua mbili tatu nzito, ndipo kupanda. Shida ni kwamba kungoja ni kazi ngumu kuliko kulima, na watoto nao wauliza kila siku kwa nini kwa jirani kumeota na kwetu bado.

Tena kuna hila moja ya matuta, ambayo ni rahisi na yafaa sana. Katika tuta, chumvi hupanda mpaka mgongoni, mahali pa juu kabisa, kwa maana ndipo maji yanapokaukia. Basi usipande mgongoni. Panda ubavuni mwa tuta, karibu na mahali maji yanapopita, na mizizi itakuwa salama.

(Nikitaja Desemba, siwezi kupita bila kukumbusha kwamba tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka hapa Ivuna kutoka mbinguni, uzito wake kama gramu 700. Jiwe hilo ni la namna adimu sana, hata wataalamu wakaliita kundi zima la mawe kama hayo kwa herufi ya kwanza ya jina la Ivuna. Tena Desemba 2020 chombo cha Wajapani kilileta vumbi kutoka kijinyota kiitwacho Ryugu, likapimwa, nalo likaonekana kufanana sana na mawe ya kundi hilo. Hivyo jina la kijiji chetu linasomwa na watu wenye elimu kuu duniani, wasiojua kama tunakula mchicha au mlenda. Turudi bustanini.)

Januari na Februari ni miezi ya wingi usiopandwa. Mlenda, mgagani na mchicha wa porini huota wenyewe, na mwenye kikapu hahitaji kitalu. Lakini ndiyo miezi ya huzuni ya nyanya. Matone ya mvua hurusha udongo juu ya majani ya chini, ukungu hushika, na katika siku chache shina lililokuwa na matunda kumi huwa jeusi. Dawa iliyo karibu na kila mtu ni kuuinua mmea kwa mti, kuyakata majani yanayogusa ardhi, na kutandaza nyasi chini ili tone lisipate udongo wa kurusha. Hata hivyo nyanya ya masika ni bahati nasibu, na ndiyo maana sokoni huwa ghali wakati huo.

Mvua zikiisha, Aprili kuelekea Mei, hapo ndipo bustani hasa huanza. Usiku huwa na ubaridi, ukungu hupungua, udongo umekwisha oshwa. Mbegu za nyanya na kabichi ziwe kitaluni mapema, zifunikwe nyasi, na baada ya wiki tatu au nne miche ihamishwe jioni, si asubuhi, ipate usiku mzima wa kupumzika kabla ya kuonana na jua. Kwa nafsi yangu, sijui raha ya mikono ipitayo ile ya kuhamisha miche jioni ya Mei, ardhi ikiwa bado na unyevu na watoto wakigombania kushika keni ya maji.

Katika raha hiyo ndipo huja wale wageni wasioalikwa. Wa kwanza ni mbuzi. Mbuzi wa jirani hana mwenyewe mpaka aonekane bustanini. Hapo ndipo kila mtu hujua ni wa nani, isipokuwa jirani mwenyewe. Nimeona watu waliokula sahani moja miaka mingi wakiacha kusalimiana kwa ajili ya kabichi sita. Ua ni nafuu kuliko baraza la wazee. Mbono na minyaa huota kwa vipande vya matawi tu, mbuzi hawapendi kuila, na katika misimu miwili huwa ukuta.

Wa pili ni mdogo kuliko punje ya mchele, naye ni mbaya kuliko mbuzi. Wakulima wamemwita kantangaze. Ni nondo wa asili ya Amerika ya Kusini, ambaye alionekana katika nchi yetu mwaka 2014. Hutaga mayai juu ya majani ya nyanya, na viwavi wake hujichimbia njia ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kisha huingia katika tunda. Kwa kuwa wamejificha ndani, dawa nyingi haziwafikii. Afadhali kuchuma kila jani lenye michoro mieupe na kulifukia chini kabisa, na msimu ujao usirudishe nyanya mahali hapo, wala bilinganya, wala viazi mviringo, ambao wote ni ndugu zake na kantangaze awala.

Ukiwashinda hao, Julai hukuletea karaha ya namna nyingine: wingi. Nyanya zako zimeiva, na za jirani zimeiva, na za kijiji cha pili zimeiva. Aliyekuwa akiuza kwa hesabu sasa auza kwa ndoo, na aliyekuwa akiuza kwa ndoo sasa agawa. Hapa ningependa akina mama wasomaji wanisikilize, maana neno hili lagusa afya ya watoto. Majani ya kunde, ya mchicha na ya maboga yachemshwe kidogo, yaanikwe kivulini, si juani, kwa sababu jua kali huiharibu ile vitamini A inayolinda macho ya mtoto. Yakikauka yawekwe mahali pakavu. Watu wa kale walijua kukausha mboga. Sisi tumeiacha desturi hii tukidhani kwamba soko litatuletea kila kitu.

Kwa maana Septemba, Oktoba na Novemba zaja. Joto huwa kali katika bonde hili, visima hushuka, na maji yanayobaki chini huzidi chumvi. Ugali huliwa na samaki wa Rukwa, kesho na samaki, keshokutwa na samaki, na mtoto mdogo hajaona jani la kijani tangu wiki iliyopita. Hapo kila nyumba hulazimika kupiga hesabu. Tuta la mita nne za mraba wakati wa joto lataka kama lita 20 za maji kwa siku, yaani debe moja. Mama aliyekwenda kisimani mara tatu kwa kichwa chake, akipewa shauri la kumwaga debe moja juu ya mchicha, ana haki ya kuuliza ni nani aliyetoa shauri hilo, na kama yeye mwenyewe amepata kubeba debe.

Jibu langu ni tuta moja tu, si manne. Lifunikwe nyasi nene, liwe karibu na mlango wa jiko, lipate maji yaliyooshea mboga na mchele. Maji ya sabuni yasitiwe humo, maana sabuni nayo ni jamaa ya chumvi. Tena fukia katikati ya tuta chungu kipya cha udongo kisichopakwa rangi, mdomo wake ubaki juu, kijazwe maji na kufunikwa. Maji hupenya kuta za chungu polepole kadiri mizizi inavyoyavuta, wala hayapotei kwa jua, na weupe wa chumvi hauongezeki upesi kama kwa kumwagilia juu. Wafinyanzi wetu wawafahamu vyungu tangu zamani za kupika chumvi. Chungu kimoja cha kiasi chatosha mashina ya mchicha na spinachi ya kulisha watoto watatu mara mbili kwa wiki, na mama hakijazi kila siku.

Wakati huo huo baba wa nyumba asikae kivulini akitazama mawingu juu ya milima ya Ufipa. Mfereji wa chumvi wataka kufukuliwa sasa, ungali mkavu. Mbegu za mchicha zipepetwe, zikaushwe, zitiwe katika kibuyu pamoja na majivu kidogo. Humo majivu yana kazi yake. Na yule mbuzi atafutiwe kamba kabla ya mvua, mwenyewe akiwa bado anakubali kwamba ni wake.