Lala na Joto, Usilale na Mkaa



Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi. Katika Milima ya Uluguru baridi hiyo ni kali. Mji wa Morogoro uko chini, kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana mtu wa mjini hutembea na shati jepesi, na wewe wa Nyandira au Bunduki umejifunika blanketi.

Jioni ukungu unashuka. Watu wanaingia ndani. Maharage yanachemka. Bibi anasuka mkeka. Watoto wanasikiliza hadithi. Paka amejikunja karibu na mafiga. Kukaa pamoja hivi ni jambo jema. Lakini ndani ya nyumba hiyo hiyo adui anaweza kuingia. Leo tumtambue adui huyo.

Adui asiyeonekana

Wakati wa kulala, watu wengine huingiza jiko la mkaa chumbani. Hufunga mlango na dirisha. Huziba nyufa kwa matambara ili baridi isipenye. Kisha hulala. Wengine hawaamki tena.

Kwa nini? Mkaa ukiwaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho. Mkaa uliokolea hautoi moshi mwingi, kwa hiyo watu hudhani ni salama. Ukiivuta sumu hiyo, inaingia katika damu na kukaa mahali pa hewa safi. Mwili unakosa hewa safi. Kwanza kichwa kinauma. Kisha unapata kizunguzungu na kichefuchefu. Miguu inalegea. Mtu aliye usingizini hazitambui dalili hizi.

Ukiambiwa kwamba sufuria ya maji kando ya jiko huondoa sumu, usikubali. Maji hayaondoi sumu hiyo. Usiingize jiko la mkaa chumbani, hata kwa muda mfupi.

Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango na madirisha upesi. Mtoe nje kwenye hewa safi. Usikawie ndani, maana na wewe utaanguka. Mpeleke kituo cha afya au hospitali, hata kama amezinduka.

Moshi wa jikoni

Moshi wa kuni nao ni adui. Huyu unamwona, lakini umemzoea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Moshi huharibu mapafu. Mtoto anayebebwa mgongoni wakati mama anapika huvuta moshi ule ule anaouvuta mama.

Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika moja akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, ni hatari. Wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, ni hatari. Kifua kikibonyea anapovuta pumzi, ni hatari pia. Huenda ni nimonia. Usingoje asubuhi. Mpeleke zahanati.

Pika na dirisha likiwa wazi. Tumia kuni kavu, maana kuni mbichi zina moshi mwingi. Ukiweza, jenga jiko banifu la udongo lenye bomba la kutolea moshi. Jiko hilo hula kuni chache. Msitu wa Uluguru nao utapumua, na mito yetu itapata maji.

Tupate wapi joto?

Utauliza, "Sasa tukiacha mkaa, si tutaganda kwa baridi?" Hapana. Joto lipo, na vitu vya kulileta viko kijijini kwako.

Kwanza, chakula. Mtu aliyeshiba chakula cha moto hastahimili baridi sawa na mwenye njaa. Yeye hustahimili zaidi. Pika maharage au njegere pamoja na viazi au ndizi. Loweka maharage usiku, mwaga maji yake, kisha yapike.

Unaweza kupikia ndani ya kapu. Chukua tenga la mianzi au kikapu kikubwa. Jaza majani makavu ya migomba chini na pembeni. Acha nafasi ya sufuria katikati. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa nusu saa, moto ukiwa mkali. Funika sufuria, itie ndani ya kapu, kisha weka mto au blanketi kuukuu juu. Iache saa 3. Maharage yataendelea kuiva bila kuni na bila moshi. Kabla ya kula, yachemshe tena. Kapu likae mbali na moto.

Pili, malazi. Baridi kubwa hutoka chini. Usilale sakafuni. Kitanda cha kamba kinatosha. Tandika gunia safi lililokaushwa juani, kisha mkeka, kisha shuka. Mto wa sufi ni mzuri. Wavalishe watoto soksi na kofia. Anika blanketi juani kila siku jua linapotoka.

Tatu, wanyama. Watu wengine hulala chumba kimoja na kuku na mbuzi ili kupata joto. Joto hilo lina gharama. Viroboto, funza na kinyesi huleta maradhi. Wajengee mbuzi banda lililoinuliwa, kama wafanyavyo wafugaji wa mbuzi wa maziwa kule Mgeta. Maziwa yao yachemshe kabla ya kunywa. Paka na mbwa ni rafiki wa nyumba. Mbwa achanjwe kila mwaka dhidi ya kichaa. Mbwa akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Tuanze leo

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana. Kisha walichimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Nasi tunaweza kufanya hivyo kwa jambo hili. Msomee jirani yako asiyejua kusoma. Usiku wa leo, kabla ya kufunga mlango, hakikisha jiko la mkaa liko nje.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mkaa usio na moshi unaweza kuua?
2. Utafanya nini ukimkuta mtu amezidiwa chumbani?
3. Ni nani kijijini kwetu anajua kusuka kapu au kujenga jiko banifu? Atatufundisha lini?