Maktaba Inapowauliza Wasomaji Wake

Kwa muda mrefu kazi ya maktaba imeeleweka kuwa ni mbili: kutunza maandishi, na kumpatia msomaji kile anachokitafuta. Katika utaratibu huo msomaji ndiye aulizaye, naye mkutubi ndiye ajibuye. Kuenea kwa intaneti na mitandao ya kijamii kumeleta kazi ya tatu, ambayo wengi hawakuitazamia: sasa maktaba nayo inaweza kuwauliza wasomaji. Mfano mzuri wa jambo hili ni jaribio lililofanywa mwaka 2008 na Maktaba ya Bunge la Marekani, iliyoko Washington.

Shida ya picha isiyo na maelezo

Kitabu hujitambulisha chenyewe. Kina jina, kina mwandishi, na aghalabu kina mwaka wa kuchapishwa. Mkutubi akiyanakili hayo katika katalogi, kitabu kitapatikana. Picha haina ukurasa wa jina. Ikiwa haijulikani ni nani aliyepigwa, wapi na lini, hakuna neno la kuitafutia. Na picha isiyoweza kutafutwa ni sawa na isiyokuwapo, hata kama imetunzwa kwa uangalifu mkubwa.

Miongoni mwa hazina za maktaba hiyo zimo negativu za vioo zipatazo 40,000, zilizotoka kwa shirika la picha za habari la George Grantham Bain, lililoanzishwa New York mwaka 1898. Wafanyakazi wa shirika hilo waliandika kwa mkono maneno machache juu ya kioo chenyewe: pengine jina la ukoo tu, pengine tarehe isiyo na mwaka. Kwa mhariri wa gazeti wa siku zile maneno hayo yalitosha, maana habari yenyewe ilikuwa midomoni mwa watu. Baada ya miaka mia moja yamegeuka kuwa fumbo.

Jaribio lenyewe

Tarehe 16 Januari 2008 maktaba iliziweka picha zipatazo 3,100 katika Flickr, mtandao ambao watu wa kawaida huutumia kuonyeshana picha zao. Karibu nusu yake zilikuwa za Bain. Zilizosalia zilikuwa picha za rangi za mashamba, miji na viwanda vya Marekani, zilizopigwa baina ya mwaka 1939 na 1944. Zote zilichaguliwa kwa kuwa hazikujulikana kuwa na kizuizi cha hakimiliki.

Mtu yeyote mwenye akaunti katika mtandao huo aliweza kufanya mambo mawili. Kwanza, kuibandika picha lebo, yaani neno moja au machache yanayotaja kilichomo. Pili, kuandika maoni chini yake. Mambo haya mawili hayana kazi moja. Lebo huiongezea picha maneno ya kuitafutia, tena maneno ya watu wa kawaida, ambayo mara nyingi si yale ya katalogi. Maoni huweza kubeba hoja na ushahidi.

Kufikia Oktoba 2008 picha hizo zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 10. Lebo zaidi ya 67,000 zilikuwa zimebandikwa na wenye akaunti wapatao 2,500, na maoni yalizidi 7,000. Mwanafunzi akigawa idadi ya lebo kwa idadi ya waliozibandika, atapata wastani wa lebo 27 hivi kwa kila mmoja. Hesabu hiyo yafundisha kwamba watazamaji ni wengi mno, ila wachangiaji ni wachache. Na hao wachache hufanya kazi kubwa.

Ushahidi na upepetaji

Elimu iliyohitajika ilikuwa imetawanyika. Anayejua magari hulitazama gari lililo pembeni mwa picha, akasema kuwa haikuweza kupigwa kabla ya mwaka fulani. Mwenyeji wa mji hulitambua jengo. Mwingine hulitafuta jina lililoandikwa juu ya kioo katika magazeti ya zamani, akaikuta habari kamili pamoja na tarehe. Hakuna mkutubi mmoja anayeweza kuyajua yote hayo.

Hata hivyo, si kila lisemwalo ni kweli. Wakutubi waliyapepeta maoni, wakayalinganisha na ushahidi, ndipo wakasahihisha katalogi. Katika miezi ile ya mwanzo kumbukumbu zaidi ya 500 zilirekebishwa kwa njia hiyo, na Flickr ikatajwa kuwa ndiyo chimbuko la habari, ili mtafiti wa baadaye ajue ilikotoka na aweze kuipima upya. Ukilinganisha maoni 7,000 na marekebisho 500, utaona kuwa ungo ulifanya kazi.

Iko hatari nyingine. Mtandao wa namna hii ni mali ya kampuni, na kampuni huuzwa. Mwaka 2008 Flickr ilikuwa ya Yahoo. Mwaka 2018 ilinunuliwa na SmugMug. Kwa hiyo maktaba huweka mtandaoni nakala tu. Vioo vyenyewe, nakala kuu za kidijitali na katalogi hubaki mikononi mwake.

Fundisho kwa Afrika Mashariki

Maktaba hiyohiyo inazo, katika mkusanyo wa Matson, picha za Kenya, Uganda na Zanzibar zilizopigwa mwaka 1936, nazo huweza kutazamwa katika tovuti yake. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka huo alizaliwa mwaka 1926. Wanaoweza kusema, "Huyu namjua," karibu wamekwisha. Mashine itazitunza picha hizo kwa muda mrefu, lakini majina hayamo ndani ya mashine. Yamo vichwani mwa wazee.

Kazi hii haihitaji maktaba kubwa. Darasa moja laweza kuzichukua picha za zamani za shule au za mji wake, likawaonyesha wazee kwa karatasi au kwa simu, na kuandika katika safu tatu: kinachoonekana, kilichosemwa na nani, na kilichothibitishwa. Safu hizo zisichanganywe. Kuzitenganisha ndiyo kazi ya mkutubi, na ndiyo kazi ya mwanasayansi.