Karabati nyumba ya mama Kosele bila kupoteza pesa

Uko Nairobi, na nyumba ya mama kule Kosele inavuja? Kama kuta za udongo bado ni imara, si lazima ubomoe.

Anza na paa. Badilisha mabati yaliyooza, weka mifereji na tangi. Paa la mita 10 kwa 5 likinyeshewa milimita 20 hukusanya karibu lita 1,000. Maji hayo yakiachwa yamwagike kando ya ukuta, hula msingi. Kisha weka dari ipunguze joto la mabati, na upanue madirisha. Sakafu ya simiti na rangi zije mwisho.

Sasa pesa. Usimtumie fundi zote mara moja! Mabati na simiti, lipia dukani mwenyewe kwa namba ya Till. Fundi mlipe kwa hatua mlizokubaliana: paa, dari, sakafu. Kila hatua ikiisha, mama aone kazi na akutumie picha, ndipo ulipe. Soma jina kabla ya kukubali kutuma. Meseji usifute, mkibishana, hiyo ndiyo risiti yako.