USIANDIKE "INA SPIDI" KABLA HUJAPIMA: Somo nililolipa kwa kompyuta ya zamani

Leo sina siri ya kupata wateja mia kwa siku. Nina hasara niliyokula mwenyewe, na jinsi nilivyoirekebisha. Kama unauza vitu used, au unaongezea kitu kwenye bidhaa ndo unaiuza, soma mpaka mwisho.

Mimi niliishia kidato cha nne. Ufundi nimejifunzia dukani, kwa kuharibu na kutengeneza. Nauza vifaa vya umeme used vinavyotoka Uingereza. Siku moja kwenye mzigo nikakuta kitu kama kibodi nene ya rangi ya kahawia. Mwenye mzigo akaniambia ni kinanda cha watoto. Nikageuza nyuma, nikasoma: Commodore 64. Ndani ya mfuko kulikuwa na mashine yake ya diski, modeli 1541-II, rekoda yake ya kaseti, kaseti mbili za gemu na diski kadhaa. Nikalipa 70,000 kwa vyote.

Kwa wasioijua: hii ni kompyuta ya nyumbani iliyotoka Marekani mwaka 1982. Kompyuta yote imo ndani ya kibodi, unaichomeka kwenye tivii tu. Memori yake ni KB 64. Picha moja unayotuma WhatsApp haiingii humo. Lakini watu waliokulia Ulaya na Marekani miaka hiyo wanaitafuta mpaka leo, na wanalipa.

KWA NINI ILIKUWA POLEPOLE

Tatizo la hii mashine linajulikana: diski yake inatambaa. Inasoma kama baiti 400 kwa sekunde. Upande mmoja wa diski unabeba kama KB 170, kwa hiyo kuusoma wote ni kama dakika saba. Kwa mwendo huo, picha ya MB 2 ingechukua saa moja na dakika zaidi ya ishirini.

Nilidhani diski yenyewe ndiyo nzito. Kumbe hapana, tatizo liko njiani. Kompyuta iliyotangulia, VIC-20, ilitakiwa itumie chipu maalumu ya kusafirisha data kwenye waya. Ile chipu ikawa na kasoro. Kampuni ikaamua kazi hiyo ifanywe na programu, biti moja moja, na kila biti pande zote mbili zinapeana ishara. Commodore 64 ikarithi mtindo huohuo. Tena chipu yake ya picha huwa inaikatiza prosesa katikati ya kazi, basi ikabidi mwendo upunguzwe zaidi.

Ni kama una stoo imejaa na mteja yuko mlangoni, ila kijana wako anabeba kiberiti kimoja kimoja, na kila akifika anasubiri usaini. Shida yako hapo ni ubebaji. Ukipanua stoo hujasaidia kitu.

Dawa yake inaitwa JiffyDOS. Ni chipu mbili: moja unaweka ndani ya kompyuta, nyingine ndani ya mashine ya diski, maana ile mashine nayo ina prosesa yake na programu yake. Zikiwa zote mbili, zinatuma biti mbili kwa pamoja kwenye waya uleule, kwa kufuata mapigo ya muda waliyokubaliana, bila kusainiana kila biti. Ukiweka upande mmoja tu, mwendo unabaki wa zamani. Ni sawa na watu wawili wanaopokezana matofali: mmoja akikimbia peke yake haisaidii.

NILIPOKOSEA

Nikaagiza chipu zote mbili pamoja na swichi zake, na pawa saplai mpya. Jumla, na usafirishaji, 190,000. Nikazifunga. Nikachomeka kwenye tivii, skrini ya bluu ikaja. Nikafungua gemu moja kutoka kwenye diski, nikaona imewahi. Basi! Nikapiga picha, nikaandika tangazo: "KILA KITU KINAFANYA KAZI. SPIDI MARA 15." Hiyo 15 niliiokota mtandaoni. Sikupima.

Akaja mteja wa Nairobi, mzee mmoja aliyesoma Uingereza ujanani. Tukaelewana 480,000, mzigo nikatuma kwa basi kwa gharama yangu, 30,000.

Siku nne baadaye ananipigia. "Kijana, kaseti hazifunguki." Mimi nikamjibu, "Shikamoo mzee. Labda kaseti zimechoka, ni za zamani hizo." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kijana wangu, umeandika kila kitu kinafanya kazi. Wewe ulizijaribu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijazigusa kabisa.

Akaniambia anarudisha. Uingereza watoto wengi wa wakati wake walitumia kaseti, mashine ya diski ilikuwa ya wenye uwezo. Yeye alitaka kusikia ile kaseti ikizunguka. Spidi ya diski wala haikumsumbua.

Nikarudisha 480,000 yake na nauli ya kurudisha mzigo, 30,000 nyingine. Hasara ya mkononi 60,000, na mtaji wa 260,000 ukakaa umelala wiki tatu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimlaumu kwa kaseti zake, wakati kaseti zilitoka kwangu.

NILIVYOPIMA, SASA KWA UKWELI

Mzigo uliporudi nikakaa nao jioni tatu. Hivi ndivyo nilivyofanya:

1. Umeme kwanza. Pawa saplai za asili za hii kompyuta zina sifa mbaya: zikichoka, ule umeme wa volti 5 unapanda na kuunguza chipu. Hata kabla ya kuuza mara ya kwanza nilishaipima kwa mita, ndiyo maana nikanunua mpya. Hilo tu ndilo nililofanya sawa.

2. Kitu kimoja kibadilike, vingine vyote vibaki. Faili ileile, diski ileile, mashine ileile, waya uleule. Ninachobadilisha ni swichi tu, ya kurudi chipu ya zamani au kwenda mpya. Na kila mara nazima umeme kabla ya kugusa swichi.

3. Saa ya simu, sio macho. Naanza kuhesabu nikibonyeza kitufe cha kutekeleza amri, nasimamisha neno READY likitokea.

4. Mara tatu kila upande. Mara moja inaweza kuwa bahati au kidole kimechelewa.

Faili ilikuwa ya vipande 120, kama KB 30. Chipu ya zamani: sekunde 77, 76, 77. Chipu mpya: sekunde 10, 9, 10. Hiyo ni karibu mara nane. Mara nane ni nzuri sana! Lakini sio 15 niliyoandika mimi.

5. Usipime jambo moja ukalitangaza kwa yote. Nilipojaribu kuhifadhi faili kwenye diski, muda ulipungua ila sio kwa kiwango kile. Sababu ni kwamba mashine ikiandika inarudi kusoma ilichoandika kuhakikisha, na hiyo kazi inafanyika ndani yake, haihusu waya. Na gemu zilizokuja na mbinu yake ya kuharakisha, ukiwasha chipu mpya huoni tofauti. Nyingine hukataa kabisa kufunguka mpaka urudishe ya zamani.

6. Pima pia kilichopotea. Hapa ndipo nilipopata jibu la mzee. Usiku wa pili nilisahau swichi ya kompyuta upande wa zamani. Nikaweka kaseti, nikaandika amri, nikabonyeza PLAY. Ikafunguka! Nikarudisha chipu mpya, ikagoma. Nikarudia mara tatu, matokeo yaleyale.

Kumbe ile chipu ina KB 8 tu za nafasi. Ili waingize programu ya kuharakisha diski, waliotengeneza waliondoa sehemu inayoendesha kaseti. Sio siri wala kasoro, waliamua hivyo, na mtu akitaka kaseti anageuza swichi. Mzee alihitaji sentensi moja tu kutoka kwangu: "Zima, geuza swichi, washa, kaseti itafunguka." Sikuwa nayo kwa sababu sikupima.

HII INAKUHUSU VIPI WEWE?

Huuzi Commodore, najua. Ila labda unauza laptop used. Umetoa hadi diski ya GB 500 inayozunguka, umeweka SSD ya GB 128. Inawaka haraka, sawa. Lakini nafasi imepungua karibu mara nne. Umeandika hilo kwenye tangazo? Mteja mwenye video zake za harusi atalijua siku ya pili, na atakuita tapeli ingawa hukukusudia.

Karibu kila kitu tunachoongeza kinachukua kitu kingine: nafasi, chaji, uzito, sauti, au matumizi fulani ya zamani. Muuzaji akilitaja mapema, mteja anaona ni maelezo. Mteja akiligundua mwenyewe, anaona umemdanganya.

Kwa hiyo sasa kila bidhaa niliyoigusa inaondoka dukani na karatasi yenye mistari minne:
- Nimebadilisha nini.
- Nimepima nini, na namba ni ngapi kabla na baada.
- Nini hakifanyi kazi au kimepungua, na ukikitaka ufanyeje.
- Nini sijapima.

Huo mstari wa nne wengi wanauogopa. Mimi naona ndio unaonilinda zaidi. Ukiandika "betri sijaipima kwa zaidi ya saa moja," mteja akinunua ananunua akijua.

Mwisho wa ile kompyuta: nilimpigia mzee, nikamwomba radhi kwa lile neno la kaseti, nikamweleza habari ya swichi. Akacheka, akasema ameshapata nyingine. Nikajua basi, nimempoteza. Wiki mbili baadaye rafiki yake akanitafuta, akaomba picha ya ile karatasi yenye sekunde 77 na sekunde 10. Hakuuliza kingine. Alilipa 480,000, na nauli ya basi akalipa mwenyewe.

Sasa nikuulize: ni bidhaa gani dukani kwako umeandika "inafanya kazi vizuri" na hujawahi kuijaribu kila kitufe? Ianze hiyo leo, kisha uniambie kwenye maoni umekuta nini. Biashara njema.