Taa ya Chumba cha Kulia

Mtu ajengaye nyumba Kilosa hutafuta meza kwanza, taa baadaye. Meza huwa ya mninga au ya mkongo, imechongwa na seremala wa pale pale, ama imeachwa na wazee. Nayo yaweza kukaa miaka hamsini. Taa hununuliwa mwisho, fedha zikiwa zimepungua. Basi yafaa taa ndiyo ifuate meza, kwa maana kubadili taa ni rahisi kuliko kubadili meza.

Zamani taabu hii haikuwako. Watu walikula kwa kibatari, na wenye nafasi kwa taa ya chemli au karabai. Mwanga ukimsumbua mtu, aliisogeza. Taa ya umeme ikiisha kufungwa darini haisogei. Na umeme hautoki mbali: kituo cha Kidatu, kusini ya Mikumi, kilianza kazi mwaka 1975 kwa maji ya mto Ruaha Mkuu, nacho huchangia umeme wa nchi nzima.

Chukueni kamba mpime meza. Meza ya upana wa sentimita 90 yataka taa ya sentimita 45 mpaka 60, yaani nusu ya upana wake au theluthi mbili. Ikizidi hapo, mtu akiinuka huigonga kwa kichwa. Ikipungua sana, huonekana kama embe moja lililosahauliwa mtini. Meza ndefu ya watu wanane haitoshelezwi na taa moja ya mviringo, kwani waketio mwisho hula gizani. Afadhali taa mbili ndogo kwa mstari. Kati ya taa na meza ibaki yapata sentimita 75, ili mtu amwone mwenziwe wa ng'ambo pasipo kuinama.

Watu wengi hutazama umbo la taa wakasahau rangi ya mwanga wake, nami naona hilo ndilo kubwa. Mninga una wekundu na mistari ya kahawia. Ukiuwashia mwanga mweupe wenye ubuluu, wekundu hufifia, na meza huwa kama imepakwa majivu. Hata mchuzi hupoteza sura. Mwanga wa manjano, ambao kisanduku chake huandikwa 2700 au 3000 na herufi K, huutokeza wekundu huo. Lakini usiwe hafifu: mtoto alaye kambare au perege ataka kuuona mwiba kabla haujafika kooni. Globu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga kama wa globu ya zamani ya wati 60, nayo yatosha meza ya watu wanne. Penye kabati jeusi na dari isiyopakwa rangi, ongezeni, kwa kuwa weusi humeza mwanga.

Viti vikiwa vya kusukwa, kifuniko cha ukindu chapatana navyo. Zamani kilikuwa cha hatari, maana globu ya waya huunguza. Ya LED haina joto kubwa.

Tena mvua za kwanza zinyeshapo, kumbikumbi hutoka ardhini na kuifuata taa. Kifuniko kilicho wazi juu kama bakuli hujaa mbawa na mizoga hata mwanga hupungua. Kilichofungwa pande zote hufaa zaidi. Mwanga wa manjano nao huvuta wadudu wachache kuliko mweupe.

Taa ya vioo vingi yaweza kuwa na uzito wa kilo 10, na mbao nyembamba za dari haziichukui. Fundi na azime umeme kwenye swichi kuu, apande, afunge ndoano katika boriti yenyewe. Wala msiweke taa juu ya pangaboi, kwani kila panga lipitapo hukata mwanga, na mezani hupepesa pasipo kukoma. Kilosa kuna joto. Pangaboi libaki katikati ya chumba, na meza isogezwe pamoja na taa yake upande wa dirisha.