Mlinzi Asijaribiwe kwa Wenyeji Tu

Mwezi Novemba mwaka 2018 ilitangazwa huko Marekani kwamba mtu yeyote aliyejiandikisha katika mtandao wa Shirika la Posta la nchi hiyo aliweza kusoma taarifa za wateja wengine, wapatao milioni 60: anwani, namba za simu, barua pepe. Hakuhitaji kuvunja kufuli lolote. Aliingia kwa nywila yake mwenyewe, halali kabisa, kisha akauliza habari za jirani. Kompyuta ikamjibu.

Jambo hili linatuhusu. Simu unayotumia kutuma fedha au kulipia umeme haikuwekei akaunti ndani yake. Inabisha hodi kwenye mlango wa kompyuta iliyo mbali, mlango ambao mafundi huuita API, na mlango huo hupaswa kuuliza maswali mawili. Wewe ni nani? Na hicho unachoomba, ni chako? Posta ile iliuliza la kwanza, la pili ikalisahau.

Fundi makini huandika majaribio madogo, yaani programu fupi zinazobisha mlango mmoja mmoja na kukagua jibu kila marekebisho yanapofanywa. Matata huanzia hapo. Mlango una mlinzi, na jaribio halina kitambulisho. Fundi mwenye haraka humwondoa mlinzi wakati wa kujaribu. Yote yanafaulu, naye anakwenda nyumbani ameridhika. Amepima sebule, mlango hakuugusa. Na kama amesahau kumrudisha mlinzi siku programu inapoanza kazi, basi tena!

Dawa ni kutunga watumiaji wa bandia, tuseme Asha na Juma, kila mmoja na tokeni yake, kile kitambulisho cha muda anachopewa aliyekwisha kuingia. Tokeni hizo zitiwe saini kwa ufunguo wa majaribio, lakini mlinzi anayezikagua awe yule yule wa kazini. Asha akiomba akaunti yake, jibu liwe 200, yaani sawa. Asiye na tokeni, au mwenye iliyopitwa na muda, ajibiwe 401: hujulikani. Asha akiomba akaunti ya Juma, 403: tunakujua, ila hii si yako. Wako wanaopendelea 404, kwamba kitu hicho hakipo, ili mdadisi asijue hata kama Juma ana akaunti. Mimi naafikiana nao.

Jaribio hilo la Asha kumchungulia Juma ndilo linalorukwa sana, maana hakuna mteja anayepiga simu kulalamika kwamba ameonyeshwa mali ya mwenzake. OWASP, taasisi inayoorodhesha hatari za milango hii, iliiweka kasoro hiyo nafasi ya kwanza mwaka 2019, na tena mwaka 2023. Kuliandika jaribio lenyewe, mara nyingi ni mistari kumi tu.