Fundi Viatu Aliyetiwa Moyo wa Kufundisha

Mahubiri mafupi ya redio
Somo: Kutoka 35:30-35



Katika somo letu Musa anawaeleza wana wa Israeli habari za mafundi wawili, Bezaleli wa kabila la Yuda na Oholiabu wa kabila la Dani. Hao ndio waliowekwa kuisimamia kazi ya hema takatifu: kazi ya dhahabu, fedha na shaba, kuchonga mawe na miti, kutarizi na kufuma. Wengi wetu tukisoma sura hii twauona ustadi wa mikono, nasi twakubali kwamba ustadi huo ni kipawa cha Roho wa Mungu. Lakini mstari wa 34 una jambo ambalo mara nyingi twalipita mbio. Mungu alitia mioyoni mwa watu hao nia ya kuwafundisha wengine. Basi walipewa vipawa viwili, mikono ya kufanya kazi, na moyo wa kumpa mwingine kazi hiyo.

Asubuhi hii nataka tumkumbuke fundi mmoja aliyekuwa na vipawa vyote viwili. Jina lake ni John Pounds. Hakuwa kasisi, wala mwalimu mwenye cheti, wala tajiri. Alikuwa fundi wa kutengeneza viatu.

John Pounds alizaliwa mwaka 1766 katika mji wa Portsmouth, Uingereza, bandari kubwa ya meli za kivita za nchi hiyo. Baba yake alikuwa mpasua mbao katika kiwanda cha meli cha mfalme. Alipokuwa na umri wa miaka 12, baba yake alimtia kazini hapo awe mwanagenzi, ajifunze kuunda meli. Ilikuwa kazi ya heshima, na kijana mwenye nguvu angeweza kuishi kwayo mpaka uzee. Lakini alipokuwa na miaka 15 alianguka ndani ya gudi, yaani lile shimo kubwa la kutengenezea meli, akavunjika mfupa wa paja. Kuanzia siku hiyo akawa mlemavu maisha yake yote.

Hebu fikiri, msikilizaji. Kijana wa miaka 15, na njia yote aliyowekewa na wazazi imefungwa. Lakini hakukaa njiani kuomba. Alijifunza kazi inayofanywa kwa kukaa, kazi ya kushona viatu, na baada ya miaka mingi akapata kibanda chake katika barabara ya St Mary. Kibanda hicho kilikuwa chembamba, upana wake kama futi 6 na urefu wake kama futi 18. Humo ndimo alimofanya kazi zake zote nitakazowaeleza.

Yeye hakuwa na mke wala mtoto. Lakini ndugu yake, aliyekuwa baharia, alikuwa na watoto wengi, na mmoja wao alizaliwa na miguu iliyogeukia ndani. John Pounds alimchukua mtoto yule akamlea kama wake. Tena aliona kwamba mtoto mwingine mwenye shida kama hiyo alikuwa amefungwa chombo cha kunyoosha miguu, chombo cha bei kubwa ambacho fundi viatu hangeweza kukinunua. Basi akakitazama vizuri, akarudi kibandani, akachukua viatu vikuukuu na vipande vya ngozi, akatengeneza cha kwake. Miguu ya mtoto ikanyooka.

Mtoto alipokua kidogo, John akaanza kumfundisha kusoma. Kisha akaona kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi akiwa na mwenzake. Karibu nao palikuwa na mama maskini aliyechuuza vyakula mitaani, na mtoto wake alikuwa akiachwa nje kwenye baridi mpaka mama arudi. John akamwita yule mtoto aingie ndani. Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Kufikia mwaka 1818 alikuwa anajulikana mjini kuwa ni mwalimu wa watoto wa maskini, na kibanda kile kikawa kinajaa watoto hata 40, wavulana kwa wasichana, wengine kwenye mabenchi, wengine kwenye ngazi.

Nyakati zile Uingereza haikuwa na sheria ya kumwezesha kila mtoto kupata shule. Sheria ya namna hiyo ilipitishwa mwaka 1870. Watoto wengi wa maskini walikuwa wakizurura bandarini, njaa ikiwafundisha wizi. John Pounds aliwafuata huko huko. Alitia viazi vya kuchoma mfukoni, akampa mtoto mwenye njaa, na kwa kiazi hicho akamvuta mpaka kibandani. Na ikiwa nafasi haitoshi, aliwachagua walio wachafu na watundu kuliko wote, kwa maana wale wengine huenda wangepata mtu wa kuwasaidia.

Alifundishaje? Alikaa katikati yao na kiatu mapajani, mkono ukishona na sikio likisikiliza. Vitabu vyake vilikuwa vipande vya vitabu vilivyochakaa na karatasi za matangazo. Waliandika kwenye vibao. Watoto wadogo aliwashika mkono akauliza, hiki ni nini, kisha akawataka waitamke herufi moja moja. Aliwafundisha kusoma, kuandika na hesabu. Lakini hakuishia hapo. Aliwafundisha kupika chakula chao wenyewe, kushona nguo zao zilizotatuka, na kutengeneza viatu vyao. Aliwatengenezea vitu vya kuchezea, na walipougua ndiye aliyekuwa mganga na muuguzi wao. Hakumdai mtu hata senti moja.

Wapendwa, maisha ya mtu huyu yatufundisha mambo matatu.

Jambo la kwanza ni hili: huduma yake ilianzia katika jamaa yake. Hakuanza kwa kutafuta watoto wa mji mzima. Alianza na mtoto mmoja wa ndugu yake, mwenye miguu mibovu. Mtume Paulo anamwonya Timotheo, katika Waraka wa kwanza, 5:8, kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Wako watu wenye bidii katika kamati za kanisa, na huku mtoto wa marehemu ndugu yao hana wa kumwuliza hata kama amekula. Upendo wa John Pounds uliingia mtaani kwa sababu kwanza ulikuwa umekaa nyumbani.

Jambo la pili, imani yake ilikuwa na mikono. Hakuwa Mwanglikana. Alikuwa akiabudu katika kanisa dogo lililokuwa barabara ya High Street. Watoto wake hawakuwa na nguo za kwenda kanisani, basi alikusanya nguo alizopewa na wasamaria wema akaziweka kibandani. Jumapili asubuhi watoto walizivaa wakaenda kwenye shule ya Jumapili, na jioni wakazirudisha zikangoja Jumapili nyingine. Yeye hakungoja mpaka watoto wawe safi ndipo awaite kwa Mungu. Msikilizaji, je, katika kanisa letu yuko mtoto anayebaki nyumbani Jumapili kwa sababu ya nguo?

Jambo la tatu ndilo hasa nililokusudia. Alimheshimu mtoto kwa kumpa kazi ya mikono pamoja na kitabu. Hakusema, huyu ana akili na asome, yule ni mjinga na ashone viatu. Wote walisoma, na wote walishika sindano na nyundo. Bwana wetu mwenyewe aliitwa seremala na watu wa kwao, kama tusomavyo katika Marko 6:3. Mtume Paulo alikaa na Akila na Prisila huko Korintho akishona hema. Basi ni wapi tulikojifunza kuidharau kazi ya ufundi?

Maana twaidharau, wapendwa. Matokeo ya mtihani yakitoka, mzazi ambaye mtoto wake hakupata alama za kutosha huinamisha kichwa kana kwamba amefiwa. Akishauriwa ampeleke mtoto ajifunze uashi au ushonaji, huona ametukanwa. Mtoto naye asikia maneno hayo yote, akajihesabu kuwa takataka akiwa na miaka 17.

Makanisa ya Kenya yaliliona jambo hili zamani. Mwaka 1966 Baraza la makanisa lilitoa ripoti kuhusu vijana waliomaliza shule ya msingi na kukosa nafasi mbele, likashauri vianzishwe vyuo vidogo vya ufundi huko huko vijijini. Vikaanzishwa, vikaitwa polytechnic za vijiji, na vijana wakajifunza useremala, uashi, ushonaji na kazi za chuma. Serikali nayo ikauchukua mpango huo, na leo vyuo hivyo viko chini ya serikali za kaunti. Lakini majengo peke yake hayafundishi. Chuo kinaweza kuwa na paa na vifaa, kisiwe na mtu mwenye moyo wa kufundisha. John Pounds hakuwa na paa la kujivunia, lakini moyo huo alikuwa nao.

Alifariki ghafula tarehe 1 Januari 1839, akiwa na umri wa miaka 72. Watoto waliokuwa wakimtegemea walilia. Katika uhai wake, mabaharia na askari waliotoka safari za mbali walikuwa wakipita kibandani kumshika mkono, nao walikuwa wale watoto wa matambara wa zamani. Na baada ya kufa kwake, kasisi mmoja wa Scotland, Thomas Guthrie, akiwa safarini, aliingia katika nyumba ya wageni akaona ukutani picha ya fundi viatu aliyezungukwa na watoto. Picha hiyo ilimgusa sana. Mwaka 1847 Guthrie alianzisha kazi kama hiyo huko Edinburgh, shule ya kuwalisha watoto maskini, kuwafundisha Neno la Mungu na kuwapa ufundi. Kule London, muungano wa shule za namna hiyo ulikuwa umeundwa tangu mwaka 1844, na kiongozi wake akawa Lord Shaftesbury, Mkristo wa kanisa letu la Anglikana. Maelfu ya watoto walisaidiwa.

Sasa nasema nawe, fundi unayenisikiliza. Wewe seremala, wewe fundi wa magari, wewe mama mwenye cherehani barandani. Kazi yako umepewa na Mungu. Je, umeomba na ule moyo wa pili? Wako mafundi wanaoficha ujuzi wao, wakiogopa kwamba kijana akiujua atawanyang'anya wateja. Mtu wa namna hiyo akifa, ujuzi wake huzikwa pamoja naye. Usingoje kufungua chuo. Tazama katika jamaa yako, kisha katika mtaa wako, umchukue mtoto mmoja. Mpe benchi karibu nawe. Na ikiwa ana njaa, anza na kiazi.

Na tuombe. Ee Mungu Baba, uliyewapa Bezaleli na Oholiabu ustadi na moyo wa kufundisha, twakushukuru kwa mafundi wote waliotufundisha. Wabariki wazazi walioinamisha vichwa kwa ajili ya watoto wao. Watie nguvu vijana waliodhani mlango umefungwa. Utupe sisi mikono iliyo tayari na mioyo isiyo na choyo, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu, aliyefanya kazi Nazareti. Amina.